Hesabu yenye ililala miaka sita

Mu nyumba nyingi za watu wa kazi, kuanzia Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, kuko sanduku moja yenye mama wa nyumba peke yake anajua fasi inakaa. Ndani yake kuko karatasi ya parseli, buletini za mushahara zenye kufungwa na elastike, releve za banki, kaye ya likelemba, na bileti ya deni ya ndugu moja yenye kila mara anasema atalipa mwezi wenye unakuja. Na mu nyumba zingine, tangu batoto walianza kusoma informatike, kuko tena ordinatere yenye programu ya kuhesabu makuta. Mutoto aliiweka, akaingiza kila kitu kwa miezi mbili ao tatu, kiisha masomo yakamuita mbali, umeme ukakatika-katika, na programu ikabakia vile. Ukiifungua leo, inakuambia mambo sawa vile yalikuwa mu mwaka ule.

Hatusemi hapa juu ya unga na makala. Ile inaingia na kutoka kila mwezi, na kila mama anaijua kwa kichwa kupita programu yoyote. Tunasema juu ya makuta yenye mutu aliiweka fasi fulani ili ikae ao izae: parseli, nyumba ya kupangisha, pikipiki ya takisi, makuta yenye kufungwa ku banki kwa mwaka muzima, likelemba, makuta yenye ulisaidia nayo shimo ya wachimbaji, na ile asilimia yenye wanakata ku mushahara kwa ajili ya CNSS. Vitu hivi haviongei kila siku. Njo maana watu wanavisahau, na siku vinaanza kuongea, mara nyingi ni siku ya mubaya: kufukuzwa ku kazi, ugonjwa, matanga.

Bazee wa Gécamines wanakumbuka mwaka 2003 na 2004, wakati wa ile operesheni yenye iliitwa « départs volontaires », yenye Banki ya Dunia ilitoa makuta yake. Watu zaidi ya 10.000 walitoka ku kazi. Wengi walipokea dola mu mukono, wakapewa karatasi ya kusaini, na hawakuwa na hesabu yao wenyewe ya kuweka pembeni ya hesabu ya kampuni. Mpaka leo ukikaa nao chini ya muembe, watakuambia: « Tulijua tu kama ilikuwa kidogo. Lakini kidogo ya ngapi, hatukuweza kuonyesha. »

Tulikaa siku mbili na famili moja ya Kolwezi yenye ilianza kuamusha hesabu yake. Tunaacha majina yao pembeni, juu ya mambo ya makuta haina ya kutangaza mukini. Baba ni fundi wa mashine kubwa, iko na miaka 58. Alizunguka mu kampuni ndogo za kazi ya kukodisha watu kwa miaka mingi mbele ya kuingia mu kampuni kubwa yenye kuchimba shaba. Mama anauza vitu ku soko. Kijana wao wa kwanza njo aliweka programu mu 2018, na mu 2019 akaacha. Sasa Baba anataka kujua mbele ya kutoka ku kazi: tuko na nini?

Programu yao inaitwa GnuCash. Ni ya bure, iko tangu miaka ya 1990, inatembea bila intaneti, na inaongea Kifaransa. Inajua dola na franga ya Congo pamoja, jambo yenye programu nyingi za telefoni haziwezi. Namna yake ni ya watu wa kontabilite: kila makuta inaandikwa mara mbili, fasi ilitoka na fasi iliingia. Ukitoa 100 ku banki ukanunua sementi, banki inashuka 100, nyumba inapanda 100. Hakuna makuta inapotea mu hewa. Kama hauna ordinatere, kaye kubwa yenye mistari inafanya kazi ile ile, paka itakuomba uvumilivu zaidi ku hesabu za kujumlisha.

Jumamosi ya kwanza, kijana alitaka kuanzia pale aliacha, mu Machi 2019, aingize kila kitu mwezi kwa mwezi mpaka leo. Ni vile watu wengi wanafanya, na ni pale wengi wanachoka mara ya pili na kufunga programu kwa muzima. Miaka sita ya bei ya nyama na ya transporti hakuna mutu anaikumbuka. Na kama ungeikumbuka, ingekusaidia nini?

Tuliwaambia wafanye kinyume. Chagua siku moja ya karibu, kwa mufano mwisho wa mwezi wenye umeisha. Hesabu kitu yenye iko kweli siku ile: ku banki, mu telefoni, mu mukono, kwa watu. Andika ile mu programu sawa vile mwanzo mupya. Programu iko na fasi ya kuweka ile salio ya kuanzia, tena bila kusema uongo juu ya mahali ilitoka. Kiisha rudi nyuma, lakini paka kwa vitu vyenye historia yake iko na maana: parseli, madeni, makuta ya kufungwa, CNSS. Nyama ya 2020 ilale kwa amani.

Ku banki ilikuwa mwepesi. Mama alienda kuomba releve, akalipa kitu kidogo, akarudi na karatasi. Programu iko na dirisha ya kulinganisha: unaandika salio ya mwisho yenye banki inasema, unatia alama mustari kwa mustari, na pale tofauti inafika sifuri, umemaliza. Walikuta makato ya kila mwezi ya kutunza konti, yenye hakuna mutu alikuwa ameandika. Kwa miaka sita, ile makato midogo-midogo ilifika bei ya mbuzi. Mama hakufurahi.

Kulikuwa tena makuta ya kufungwa. Waliweka dola 1.000 kwa mwaka moja, na programu ilikuwa inasema vile vile 1.000. Lakini banki ilirudisha mara mbili kwa yenyewe, faida ikaingia juu ya makuta. Tuseme ni asilimia 4 kwa mwaka: mwaka wa kwanza inakuwa 1.040, wa pili 1.081 na senti 60. Ile 81 ni faida, iandikwe ku faida, na tarehe yake. Watu wengi wanabadilisha tu namba ya 1.000 kuwa 1.081 na wanaenda. Hesabu inaonekana muzuri, lakini kesho hautajua tena kama ile makuta ilizaa ao kama ni wewe uliongeza.

Makuta ya telefoni ilitupa shida zaidi. Habari zote za M-Pesa na Airtel Money zilikuwa mu ujumbe, na telefoni ilianguka mu maji mu 2022. Walichukua salio ya leo, basi. Mambo mengine hayana dawa, na haifai kupoteza Jumamosi nzima juu yake.

Franga ya jana na franga ya leo

Sasa tufike ku parseli, fasi yenye karibu kila mutu anapotea.

Baba alilipa parseli kwa vipande, kwa franga, na mu kaye aliandika franga peke yake. Tuchukue mufano mwepesi wenye unafanana na yao. Mutu analipa franga 920.000 mu 2014, kiisha 800.000 mwisho wa 2017. Jumla ni 1.720.000. Anafungua programu, anagawanya na bei ya dola ya 2024, karibu franga 2.800, na programu inamuambia: parseli ilikukamata dola 614. Uongo! Mu 2014 dola ilikuwa karibu 920, kwa hiyo kipande ya kwanza ilikuwa dola 1.000. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1.600, kwa hiyo kipande ya pili ilikuwa dola 500. Alitoa dola 1.500 za kweli. Tofauti ya karibu dola 900 imemezwa na kugawanya vibaya.

Kwa ile, kila malipo ya zamani inaomba vitu vitatu: franga ngapi, siku gani, na dola ilikuwa ngapi siku ile. Programu inakuuliza kwa yenyewe bei ya kubadilisha pale unatoa makuta ku konti ya franga na kuiingiza ku konti ya dola. Usiruke ile dirisha kwa haraka. Banki Kuu ya Congo inatangaza bei ya dola, na zile za zamani zinapatikana. Kama unakumbuka paka mwezi, tafuta bei ya katikati ya mwezi ule na uandike pembeni kama ni ya kukisia.

Baba alikuwa tena na kijitabu cha baba yake cha CADEZA, ile kasi ya akiba yenye leo inaitwa tena CADECO. Namba zake ni za zaire, na ni kubwa za kutisha. Kijana alicheka, Muzee hakucheka. Mu 1993 zaire 3.000.000 zilikuwa nouveau zaire moja. Mu 1998 nouveau zaire 100.000 zilikuwa franga moja. Piga hesabu: franga moja ya leo ni zaire bilioni 300. Akiba ya mutu yenye alichimba shaba maisha yake yote haiwezi kununua leo hata kiberiti. Tulisema isiingizwe mu programu. Ile kijitabu ikae vile, ni ukumbusho wa muzee.

Kiisha kulikuwa ubishi juu ya bei. Jirani aliuza parseli yake kwa makuta mingi tangu kampuni ingine ilifungua njia mupya karibu, na Baba alitaka kuandika bei ile ile ku parseli yake. Sisi hatukubaliani. Bei ya jirani ni bei ya jirani. Mu hesabu andika makuta yenye ilitoka kweli: bei ya kununua, karatasi, tofali, sementi, mabati, kazi ya fundi. Kama unapenda kuona bei ya soko, programu iko na fasi yake ya bei, na kila bei inakaa na tarehe yake; iweke pale, na uandike nani alikuambia. Usichanganye kitu yenye ulitoa na kitu yenye unaota. Na tofautisha tena kujenga na kutengeneza: chumba kipya kinapandisha nyumba, lakini kuziba bati yenye inavuja ni matumizi tu, sawa vile unga.

Mu konti ya parseli walifungua pia ile fasi ya kuandika maelezo, wakaandika karatasi gani iko na gani haiko. Hii ni kazi yenye thamani kupita namba. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali, na mutu anapewa haki ya kuutumia. Karatasi yenye inaonyesha ile haki kwa nguvu ni certificat d'enregistrement. Karatasi ya chefu wa karte, bileti ya kununua yenye kusainiwa na mashahidi wawili, fiche parcellaire: zote zinasaidia, lakini hazifiki pale. Famili yetu ilikuwa na mbili za kwanza, na tangu 2016 walikuwa wanasema « tutaenda ku biro mwaka wenye unakuja ». Mama alipoona mu skrini kama kitu kikubwa kupita vyote vyenye wako navyo kinasimama juu ya bileti moja ya kaye, alinyamaza kidogo. Kiisha akamuambia bwana yake: « Papa, tutauza ile pikipiki tuende ku biro. »

Ile pikipiki yenyewe ilikuwa inaandikwa dola 1.100 tangu siku ya kununua. Hakuna mutu angeinunua leo kwa 400. Waliishusha.

Makuta yenye haiko yako

Nyuma ya nyumba kuko vyumba viwili vya kupangisha. Kijana aliandika mu 2018 garanti ya miezi 3 sawa vile makuta yenye iliingia, pamoja na loye. Watu karibu wote wanafanya vile, na wanaikula garanti siku ile ile. Lakini garanti ni ya mupangaji. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa isipite miezi 3, na siku anatoka, kama hakuharibu kitu na hana deni, inarudi kwake. Kwa hiyo mu programu inakaa upande wa madeni. Walipoihamisha, mali ya famili ilishuka mu skrini, na Baba akasema programu inawaibia. Haiibi. Ile makuta haikukuwa yao tangu siku ya kwanza.

Likelemba ni ndugu yake. Mama iko mu likelemba ya watu 12, kila mutu dola 50 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye zamu anachukua 600. Alichukua mu mwezi wa tatu. Mu hesabu yake ya kichwa alipata 600. Tulihesabu pamoja naye: ametoa 150, amepokea 600, anabakia na miezi 9 ya kutoa, ni 450. Ile 450 ni deni, hata kama haina interesi na hata kama wenzake ni marafiki. Na mwenye atachukua mwezi wa 12, kila mwezi anapanda: miezi 11 ametoa 550, na ile 550 ni mali yake yenye iko mu mukono ya wengine. Kama kikundi kinavunjika, yeye njo atalia. Tunapenda likelemba, ilijenga nyumba nyingi mu Katanga kupita banki zote, lakini iandikwe upande wake.

Makuta yenye ilikufa

Hii sehemu ilikuwa ya kuumiza.

Mu 2019 Mama alitoa dola 300 kusaidia shimo ya wachimbaji wa mikono, kwa njia ya kaka yake. Wale wenye wanajua kazi hii wanajua vile inaenda: wachimbaji wanahitaji chakula, kamba, tochi, mifuko, wakati hawajafika ku mawe muzuri, mwenye kusaidia anatoa, na siku ya kuuza anapata sehemu yake. Shimo ile ilifika ku maji. Kaka akasema wangoje kiangazi. Kiangazi kikapita, timu ikatawanyika, na mu programu dola 300 zinaonekana sawa vile ziko salama, kati ya banki na parseli.

Baba alitaka zifutwe. Mama hakutaka. « Nikizifuta, njo kusema kaka yangu ni mwizi. »

Tulimueleza kama kufuta mu hesabu hakufuti maneno kati ya ndugu. Unafungua konti ya hasara, unahamisha 300 pale, na unaandika maelezo: mwaka, shimo gani, nani alipokea, kwa sababu gani haikurudi. Kama siku moja kaka anarudisha 50, itaingia sawa vile makuta mupya, na kila mutu atafurahi. Lakini isibakie upande wa mali, juu ya mwisho wa mwaka Baba atasema « tuko na dola elfu fulani » na atapanga masomo ya mutoto juu ya makuta yenye ilizama mu maji ya shimo. Mama aliandika maelezo yeye mwenyewe, kwa mistari mitano. Hakuandika neno mubaya hata moja juu ya kaka yake.

Bazee wenye walikuwa Kinshasa mu 1991 wanakumbuka Bindo, ile mucheze ya kuweka makuta ili irudi mara nyingi kwa siku chache. Famili zilikaa na zile karatasi kwa miaka zikisema siku moja italipa. Leo michezo ya namna ile inakuja kwa WhatsApp na majina ya Kingereza. Kama ulitia makuta pale na haiwezi kutoka tena, fanya sawa vile Mama: ihamishe, andika, endelea.

Wachimbaji wa mikono wenye wanasoma hapa wanaweza kutuuliza: sisi tuko na releve gani? Munayo. Bileti za kuuza mawe ku depo, kaye ya kugawana ya timu, karti ya kuchimba, karatasi za koperative. Tangu sheria ya migodi ilibadilishwa mu 2018, hauwezi kuchimba kwa haki bila kuwa mu koperative, na ile makuta unalipa kuingia ndani yake ni ya kuandikwa pia. Chukua picha ya kila bileti na telefoni siku ile ile, juu ya jasho na matope havihurumii karatasi.

Miezi ya CNSS

Tumeacha kwa mwisho jambo yenye ilichukua siku ya pili nzima.

Ku kila buletini ya mushahara kuko mustari wa CNSS. Kwa ajili ya pansio, mufanyakazi anakatwa asilimia 5, na bwana-kazi anaongeza 5 yake. Sheria ya 15 Julai 2016 njo ilibadilisha ile INSS ya zamani, na iliweka miaka ya kupumuzika ku 60. Na siku ile ukifika ku biro na mvi zako, hawatakuuliza kama ulifanya kazi kwa nguvu. Wataangalia miezi gani iko mu kitabu chao kwa jina lako. Hesabu ya miezi njo inaamua kama utapata pansio ya kila mwezi ao makuta ya mara moja tu.

Mu programu, CNSS haina konti yenye unaweza kutoa makuta. Tulishauri wafungue konti ndogo ya pembeni, ya kuhesabu miezi: kila buletini ni 1. Mama alitandika buletini chini ya nyumba, mwaka kwa mwaka, sawa vile mutu anaanika mihogo. Kijana alikuwa anaingiza. Baba alikuwa amekaa pembeni anasema: « Zote ziko, mimi sipoteze karatasi. »

Na ni kweli, hakupoteza. Lakini kwa kampuni moja yenye alitumikia, miezi 26, buletini zilikuwa zinaonyesha makato kila mwezi, na ku namba ya CNSS hakuna kitu iliandikwa: fasi ya namba iko wazi. Alikatwa. Kama makuta ilifika ku CNSS kwa jina lake, buletini hazisemi. Baba alichukua zile 26 mu mukono, akaziangalia mara mbili, akauliza kijana kama programu haikukosea.

Ile kampuni imefunga biro yake ya Kolwezi. Siku ya tatu alifanya fotokopi ya buletini zote 26, pamoja na kontra na karatasi ya mwisho wa kazi, akaandika barua ya kuomba hesabu ya miezi yake, akaipeleka ku CNSS, na akaomba wapige muhuri ku kopi yake. Ile muhuri ni ya lazima. Barua bila muhuri ya kupokea ni sawa na maneno ya ku njia. Iko na miaka miwili mbele ya kufika 60. Miaka miwili inatosha kutafuta mashahidi na kukwenda ku inspeksio ya kazi kama inaomba. Kama angengoja mpaka siku ya kutoka, angekuwa anatafuta watu wenye wamehama ao wamekufa.

Wenye muko na miaka 30 ao 35 na munatumikia kampuni ya kukodisha watu, angalieni buletini yenu ya mwezi huu, leo jioni. Fasi ya namba ya CNSS iko na namba?

Kulibakia neno la siri ya ordinatere. Baba alitaka lijulikane na yeye na kijana peke yao. Mama akauliza kwa sauti ya pole: « Na siku hamuko? » Hakuna mutu alijibu mara moja. Kodi ya famili ya 1987 inagawanya mali ya marehemu: batoto wanapata robo tatu, na robo yenye inabakia ni ya muke ao mume mwenye amebakia, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Ni muzuri mu karatasi. Lakini ku matanga, mwenye kujua kitu gani iko, wapi, na kwa jina la nani, njo anaongea wa kwanza, na tumeona wajane wengi wenye walisikia kwa shemeji zao kama marehemu alikuwa na parseli ya pili. Parseli yenyewe iliishia kwa shemeji.

Neno la siri liliandikwa mu envelope, likapewa Mama. Dosie ya programu ilinakiliwa mu fleshi mbili, moja iko kwa shangazi Likasi. Na walitoa ku emprimante karatasi mbili: vitu vyenye wako navyo, na vitu vyenye wanadaiwa, pamoja na tarehe na sinyature za bwana na bibi.

Mu konti ya pembeni, pale tofauti zenye hazikupata maelezo zinawekwa, kulibakia dola 340. Waliamua kuziacha mpaka mwisho wa mwaka. Kijana amerudi ku masomo yake. Mama njo anaingiza sasa, kila tarehe 5, nyuma ya mushahara na nyuma ya soko. Mara ya kwanza ilimukamata masaa mawili na alipiga kijana telefoni mara saba. Mara ya pili, dakika 40.